Pete Rozelle

Alvin Ray "Pete" Rozelle (1 Machi 1926 – 6 Desemba 1996) alikuwa kiongozi wa michezo nchini Marekani. Alikuwa kamishna, yaani mtendaji mkuu, wa NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, kuanzia mwaka 1960 hadi 1989. Anakumbukwa hasa kwa kuzishawishi timu za ligi hiyo kuuza haki za matangazo ya televisheni kwa pamoja na kugawana mapato sawasawa.

Maisha ya awali

Rozelle alizaliwa South Gate, jimbo la California, akakulia mji wa jirani wa Lynwood. Alitumikia jeshi la wanamaji mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Alihitimu katika Chuo Kikuu cha San Francisco mwaka 1950, akafanya kazi ya uhusiano na waandishi wa habari za michezo. Mwaka 1957 akawa meneja mkuu wa timu ya Los Angeles Rams.

Kuchaguliwa kuwa kamishna

Kamishna Bert Bell alifariki Oktoba 1959. Wamiliki wa timu walipokutana Januari 1960 kumchagua mrithi wake, kura zilirudiwa mara nyingi bila mshindi. Katika duru ya 23 walimchagua Rozelle, aliyekuwa na umri wa miaka 33 na ambaye mwanzoni hakuwa miongoni mwa waliotajwa.

Haki za matangazo

Wakati huo kila timu ya NFL ilijitafutia mkataba wake wa televisheni. Timu za miji mikubwa kama New York na Chicago zilikuwa na watazamaji wengi, hivyo zililipwa vizuri. Timu ya Green Bay, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin, haikuweza kupata malipo kama hayo hata ilipocheza vizuri. Ligi changa ya AFL, iliyoanza kucheza mwaka 1960, ilikuwa tayari imeuza haki zake kwa mkataba mmoja.

Rozelle aliwaeleza wamiliki kwamba timu hushindana uwanjani, lakini hakuna timu inayoweza kuuza mchezo bila mpinzani. Timu ndogo zikifilisika, na kubwa zitakosa wa kucheza nazo. Wamiliki wa timu za New York, Chicago na Los Angeles walikubali kuacha sehemu ya mapato yao, na mwaka 1961 ligi ikaingia mkataba na kituo cha CBS.

Jaji wa mahakama ya shirikisho mjini Philadelphia aliuzuia mkataba huo, kwa kuwa timu zinazouza kwa pamoja zinaua ushindani wa kibiashara. Rozelle alikwenda Washington kuwashawishi wabunge. Bunge lilipitisha sheria iliyoziruhusu ligi za michezo ya kulipwa kuuza matangazo kwa pamoja, na Rais John F. Kennedy akaitia saini Septemba 1961. Mkataba mpya na CBS ulianza mwaka 1962 kwa dola milioni 4.65 kwa mwaka, takriban dola 330,000 kwa kila timu. Miaka miwili baadaye malipo yalipanda hadi dola milioni 14.1 kwa mwaka.

Mwaka 1966 NFL na AFL zilikubaliana kuungana. Super Bowl ya kwanza ilichezwa Los Angeles tarehe 15 Januari 1967, na Green Bay ndiyo iliyoshinda. Mwaka 1970 Rozelle alianzisha michezo ya Jumatatu usiku katika kituo cha ABC.

Mabishano

Novemba 1963 aliruhusu michezo ichezwe siku mbili baada ya Rais Kennedy kuuawa. Alilaumiwa sana, na baadaye alisema anajutia uamuzi huo. Ligi yake pia ilizuia michezo ya nyumbani isionyeshwe katika mji husika hata tiketi zilipokwisha, mpaka Bunge lilipoingilia kati mwaka 1973. Miaka ya 1980 ilikuwa na migomo miwili ya wachezaji, pamoja na kesi ndefu kuhusu kuhama kwa timu ya Raiders kutoka Oakland.

Kustaafu na urithi

Rozelle alistaafu mwaka 1989, akafariki kwa saratani ya ubongo huko Rancho Santa Fe, California. Tuzo ya mchezaji bora wa Super Bowl imepewa jina lake.

Mapato ya matangazo ya kitaifa ya NFL bado hugawanywa sawasawa. Mikataba iliyotangazwa mwaka 2021 ilikuwa na thamani ya zaidi ya dola bilioni 100, na tangu 2022 michezo ya Alhamisi usiku huonyeshwa na Amazon kupitia intaneti. Hata hivyo, sheria ya 1961 ilitungwa kwa ajili ya matangazo ya bure yanayolipiwa na wadhamini. Mwaka 2024 baraza la wazee wa mahakama mjini Los Angeles liliamua kwamba NFL iwalipe wateja wa huduma yake ya kulipia zaidi ya dola bilioni 4.7, lakini jaji akautengua uamuzi huo mwaka uleule.