Maisha ya Mzee Munzihirwa, Mtetezi wa Wakimbizi



Safari hii tunawaletea maisha ya Christophe Munzihirwa, askofu mkuu wa Bukavu, aliyeuawa mwaka 1996. Alikuwa Mkatoliki, tena wa Kivu ya Kusini, wala hakuchunga kundi la huku kwetu. Lakini jambo alilolifia ni lile lile lililotutesa sisi: nani ni mwenyeji, nani ni mgeni, na mgeni atendewe namna gani.

Habari hiyo tunaijua. Tangu mwaka 1937 Wabelgiji walileta familia nyingi kutoka Rwanda, wakazikalisha Gishari na pengine katika Masisi. Wajukuu wao walizaliwa hapa. Halafu sheria ya mwaka 1981 ikawanyang'anya wengi uraia. Mwezi wa 3 mwaka 1993 Wanyarwanda waliuawa sokoni Ntoto, Walikale, kisasi kikawaangukia Wahunde na Wanyanga, na moto ukaenea mpaka Masisi. Mwezi wa 5 mwaka 1996 Watutsi waliokimbilia kwa watawa wa Mokoto wakafuatwa huko huko na kuuawa. Kila mara mtu hakuulizwa amefanya nini. Aliulizwa kabila lake tu.

Sasa tumtazame huyo mzee. Alizaliwa mwaka 1926 upande wa Burhale, Walungu, katika Bashi. Alipewa upadri mwaka 1958, na mwaka 1963 akaingia shirika la Wayezuiti. Alisoma mambo ya jamii na uchumi huko Ubelgiji.

Mwaka 1971 Mobutu aliamuru vijana wa seminari waingizwe jeshini, ili Kanisa lishike adabu. Padri Munzihirwa hakulazimishwa. Alikuwa mtu mzima wa miaka 45, lakini aliomba aandikishwe pamoja nao. Wakubwa waliotaka kuwaaibisha vijana wakaaibika wenyewe. Ukilielewa tendo hilo utaelewa yote yaliyofuata, maana huyu hakuwa mtu wa kuwaombea watu akiwa mbali nao. Baadaye alikuwa mkubwa wa Wayezuiti wa Afrika ya Kati, kisha askofu wa Kasongo kule Maniema, na mwishowe akapewa Bukavu.

Mzigo wa Bukavu ulikuwa mzito. Mwezi wa 7 mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, zaidi ya watu milioni moja walivuka mpaka kuingia Zaire. Wengi wao walikuwa Wahutu. Kati yao walikuwamo wauaji, hata askari wenye silaha waliotawala makambi. Walikuwamo pia wamama, watoto wachanga na wazee wasiojua hata bunduki inavyoshikwa. Dunia iliwaita wote kwa jina moja. Munzihirwa alikataa. Alitaka wenye hatia watengwe na kuhukumiwa mahakamani, na wasio na hatia walindwe, wasirudishwe kwao kwa nguvu. Mwezi wa 8 mwaka 1995 askari wa Zaire walifukuza karibu watu 15,000 kwa siku chache tu, na hapo kila mtu aliona hofu yake haikuwa bure.

Aliandika barua nyingi kwa wakubwa wa nchi za nje. Aliwakemea pia askari wa nchi yake waliopora raia. Basi hakupendwa na wakubwa, wa huku wala wa ng'ambo. Aliilaumu serikali ya Kigali kwa ukali, na wako waliosema kwamba ameegemea Wahutu. Hilo tusilifiche. Lakini kudai mtu ahukumiwe kwa matendo yake mwenyewe siyo kuegemea kabila, na sisi wa Masisi tungekuwa wa kwanza kulijua.

Mwezi wa 10 mwaka 1996 vita vikafika. Uvira ilianguka. Katika Bukavu wakubwa wa serikali walikimbia, na askari wao wakakimbia. Mzee alibaki, akawaomba watu watulie, akaililia dunia iwaokoe raia na wakimbizi. Jioni ya tarehe 29 alisimamishwa njiani Nyawera na askari wa Rwanda waliokuja pamoja na waasi wa AFDL. Alishuka garini akiwa na msalaba wake mkononi, akawaendea. Walimpiga risasi. Mwili wake ulilala barabarani mpaka vijana wa seminari walipokuja kuuchukua. Alizikwa Bukavu, kwenye kanisa lake kuu.

Na wakimbizi wake? Makambi yalivunjwa. Wengi walirudi Rwanda, na malaki wakaingia msituni kuelekea magharibi. Waliotoka Bukavu walipita Bunyakiri, Hombo, Musenge na Itebero. Waliotoka Goma walipita Masisi. Walikuwa wanaitafuta Tingi-Tingi, karibu na Lubutu. Njaa, magonjwa na risasi viliwamaliza wengi njiani. Mwaka 2004 sheria mpya ya uraia iliwatambua watu wa makabila yote yaliyokuwa nchini wakati wa uhuru, na jambo la wale wa Gishari likapata jibu kwenye karatasi. Wale waliokufa njiani wamelala kando ya barabara ya Walikale, katika makaburi yasiyo na majina.