Lamarck: Askari aliyegeuka mwalimu wa baiolojia

JINA la Jean-Baptiste Lamarck si geni kwa aliyesoma baiolojia sekondari. Hutajwa katika somo la mageuko ya viumbe, pamoja na picha ya twiga anayenyoosha shingo kufikia majani ya juu. Mwanafunzi huambiwa kwamba Mfaransa huyo alikosea, kisha somo linahamia kwa Darwin. Ni wachache wanaoelezwa kwamba mtu huyo alikuwa askari, na kwamba alianza kufundisha somo lililompa jina akiwa anakaribia miaka 50.

Lamarck alizaliwa Agosti 1, 1744 katika kijiji cha Bazentin, kaskazini mwa Ufaransa. Alikuwa mtoto wa 11 katika familia yenye jina kubwa lakini isiyo na mali. Baba yake alimpeleka kwa mapadri Wajesuti huko Amiens ili awe padri. Baba alipofariki dunia, kijana alinunua farasi na kulifuata jeshi la Ufaransa lililokuwa Ujerumani katika Vita vya Miaka Saba.

Mwaka 1761, katika mapigano ya Villinghausen, kikosi chake kilipigwa vibaya kwa mizinga. Inasimuliwa kwamba walibaki askari 14 tu, maofisa wote wakiwa wameuawa. Lamarck, akiwa na miaka 16, alishika uongozi na kukataa kurudi nyuma hadi amri itolewe. Kwa ushujaa huo alipandishwa cheo na kuwa ofisa.

Maisha ya jeshi hayakudumu. Mwenzake mmoja alimwinua kwa kichwa katika mchezo, akamuumiza shingo. Mwaka 1768 aliacha jeshi akiwa na pensheni ndogo isiyotosha kumlisha. Alifanya kazi benki jijini Paris, akasomea udaktari, lakini moyo wake ulikuwa kwenye mimea. Mwaka 1778 alitoa kitabu kuhusu mimea ya Ufaransa ambacho kilimwezesha hata mtu asiye msomi kutambua mmea kwa kujibu maswali hatua kwa hatua. Mwaka uliofuata aliingizwa katika Chuo cha Sayansi cha Ufaransa.

Mwaka 1793, wakati wa Mapinduzi, bustani ya mfalme iligeuzwa kuwa Makumbusho ya Taifa ya Elimu ya Viumbe. Lamarck, mtaalamu wa mimea kwa miaka mingi, alipewa kufundisha habari za wadudu na minyoo. Ilikuwa nafasi isiyo na heshima kubwa, kwani wanyama hao walikuwa wamerundikwa pamoja bila mpangilio. Hakulalamika. Alijifunza upya akiwa mtu mzima, akafundisha kwa zaidi ya miaka 20.

Matunda ya kazi hiyo tunayatumia hadi leo. Ni yeye aliyewagawa wanyama katika makundi mawili, wenye uti wa mgongo na wasio nao. Aliwatenga buibui na nge kutoka kundi la wadudu. Na mwaka 1802 yeye na msomi mmoja wa Ujerumani, kila mmoja kivyake, walilitumia neno baiolojia kwa maana ya elimu ya viumbe hai.

Mwaka 1809 alichapisha kitabu kilichodai kwamba viumbe hubadilika kadiri vizazi vinavyopita. Alifikiri kiungo kinachotumiwa sana hukua, na ukuaji huo hurithiwa na watoto. Hapo ndipo alipokosea, maana mtoto wa mpagazi hazaliwi na mabega mapana kwa sababu baba yake alibeba magunia. Hata hivyo, dhana hiyo ya urithi ilikuwa ya wengi zama zile, na hata Darwin hakuikataa yote. Kwamba viumbe hubadilika, Lamarck alilisema miaka 50 kabla ya kitabu cha Darwin cha 1859, huku msomi mwenzake mwenye nguvu, Cuvier, akimpinga waziwazi.

Uzee wake ulikuwa mgumu. Alipofuka macho, na juzuu za mwisho za kitabu chake kikubwa, kilichokamilika mwaka 1822, zilimalizika kwa msaada wa binti yake aliyeandika baba akisema. Alifariki dunia Desemba 18, 1829 akiwa maskini. Vitabu vyake viliuzwa kwa mnada. Alizikwa Montparnasse katika shimo la muda, na baadaye mifupa ikaondolewa. Leo hana kaburi.

Sanamu yake ilisimamishwa katika bustani ile ile mwaka 1909, miaka 80 baada ya kifo chake. Chini yake amechorwa mzee kipofu na bintiye Cornélie akimliwaza.

Kwa msomaji aliyerudi nyumbani akakuta cheti chake hakina kazi inayolingana nacho, au aliyeacha bunduki akashika chaki, maisha haya yana funzo. Kazi uliyopewa kwa sababu wengine hawaitaki inaweza kuwa ndiyo itakayobaki. Lakini funzo la pili ni la taifa: mwalimu aliyefundisha hadi macho yakazimika anahitaji pensheni akiwa hai. Sanamu haimnunulii chakula.