Jalil Mammadguluzadeh, Mwenye Gazeti la Mulla

Gazeti lililokwisha kusomwa aghalabu huishia kwa muuza njugu. Lakini yako magazeti ya kale ambayo wakusanyaji huyatafuta kama lulu kwa ajili ya picha za majalada yake. Moja katika hayo ni Molla Nasreddin, na aliyelianzisha ni marehemu Jalil Mammadguluzadeh.

Jalil alizaliwa katika miaka ya 1860 mjini Nakhchivan, katika nchi ya Azerbaijan iliyokuwa chini ya Tsar, mfalme wa Urusi. Alihitimu chuo cha ualimu cha Gori mwaka 1887, kisha akasomesha vijijini. Huko alijionea wanyonge wakidhulumiwa, na baadhi ya wavaa vilemba wakiifanya dini kuwa chambo cha kujazia matumbo yao.

Mwezi wa Aprili 1906, mjini Tiflis, ambao sasa ni Tbilisi, mji mkuu wa Georgia, alitoa toleo la kwanza akishirikiana na Omar Faig Nemanzade. Jina alilitwaa kwa yule Mulla wa hadithi za kuchekesha, ambaye kwa Waturuki na Waajemi ni kama Abunuwasi kwetu sisi. Jalada la kwanza lilimwonyesha Mulla mbele ya watu waliozama usingizini. Hao ndio Waislamu wa zama zile, naye alitaka waamke.

Jalil alijua kwamba wengi hawakujua kusoma. Kwa hiyo karibu nusu ya kurasa nane za gazeti zilikuwa ni picha, kazi ya wachoraji kama Oskar Schmerling na Josef Rotter. Asiyejua herufi aliifahamu picha. Maneno nayo yaliandikwa kwa Kituruki cha watu wa kawaida wa Azerbaijan.

Picha hizo hazikumbakisha mtu: Shah wa Iran, mataifa ya Ulaya yaliyonyemelea nchi za Waislamu, mashehe wa uwongo, na wazazi walionyima binti zao elimu. Wako waliocheka na wako waliokasirika. Jalil alitishwa, na gazeti likasimama mara kadhaa. Lakini hakurudi nyuma. Mkewe, Hamida Javanshir, bibi msomi aliyemwoa mwaka 1907, alikuwa naye bega kwa bega.

Mwaka 1921 alichapisha gazeti Tabriz, nchini Iran, na mwaka uliofuata akahamia Baku. Huko Wasovieti walitaka gazeti lifuate mkondo wa chama chao. Kalamu iliyozoea kuwacheka wakubwa haikupata nafasi tena, na mwaka 1931 gazeti likafikia kikomo. Jalil alifariki Baku mwezi wa Januari 1932.

Picha zake hazikufa. Mwaka 2011 kundi la wasanii liitwalo Slavs and Tatars lilizikusanya baadhi yake kitabuni, zikaonwa na watu wasiojua hata neno moja la lugha yake.

Basi msomaji, ukikuta gazeti kuukuu lenye picha sandukuni mwa babu yako, usiharakishe kulitia motoni. Huenda likawa limehifadhi kicheko, na ndani ya kicheko hicho mna kilio cha watu.