Robert Smalls: Mtumwa aliyeiteka meli, akaja kutunga sheria

ROBERT Smalls alizaliwa mtumwa Aprili 5, 1839 mjini Beaufort, jimbo la South Carolina nchini Marekani, katika kibanda kilichokuwa nyuma ya nyumba ya familia ya McKee iliyommiliki mamake. Sheria za jimbo hilo zilikataza mtumwa kufundishwa kusoma wala kuandika.

Akiwa na miaka 12 alipelekwa Charleston kufanya vibarua, ujira wake ukienda kwa bwana wake. Bandarini ndiko alikojifunza bahari, akazijua njia za maji na ishara za ngome zote. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka 1861, alikuwa mshika usukani wa Planter, meli ya mvuke iliyobeba silaha za majimbo ya Kusini yaliyopigania kudumisha utumwa.

Usiku wa kuamkia Mei 13, 1862, maafisa wazungu walikwenda kulala nchi kavu. Smalls na watumwa wenzake waliwasha moto wa tanuri, wakawachukua wake na watoto wao, kisha akavaa kofia ya nahodha na kupiga honi kama ilivyotakiwa mbele ya kila ngome, ikiwemo Fort Sumter. Walikuwa wameafikiana kwamba wakigunduliwa wataizamisha meli wakiwa ndani yake. Kulipopambazuka walipandisha shuka jeupe na kuikabidhi kwa manowari za Kaskazini. Kwa sehemu yake ya tuzo alilipwa dola 1,500, na baadaye akainunua nyumba ile ile ya McKee.

Kisa hicho cha meli ndicho husimuliwa zaidi. Hata hivyo, kazi yake kubwa aliifanya akiwa ameketi kwenye kiti cha mjumbe.

Katika kongamano la katiba ya jimbo la 1868, Smalls, aliyejifunza kusoma ukubwani, alipendekeza elimu ya umma isiyo ya malipo kwa watoto wote. Mwaka huo huo aliingia katika bunge la jimbo, ambalo wajumbe wengi wa baraza lake la chini walikuwa weusi, jambo lisilowahi kuonekana Marekani. Mnamo 1870 alihamia Seneti ya jimbo, na 1875 akaingia katika Bunge la taifa, Washington.

Wapinzani hawakulala. Wazungu waliokuwa na bunduki walitawanya mikutano ya weusi, na 1877 Smalls alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu kwa madai kwamba alipokea hongo ya dola 5,000 alipokuwa seneta. Shahidi mkuu alikuwa karani wa Seneti ambaye mwenyewe alikabiliwa na tuhuma za wizi, na ushahidi wa namna hiyo ni vigumu kuuamini. Alisamehewa na gavana 1879, katika mapatano yaliyowaondolea Wademokrasia wa jimbo hilo kesi za uchaguzi.

Mnamo 1895 liliitishwa kongamano jingine, safari hii likiongozwa na Ben Tillman, aliyetaka waziwazi kuwanyima weusi kura. Kati ya wajumbe 160, weusi walikuwa sita tu, Smalls akiwa miongoni mwao. Wajumbe walipojadili kupiga marufuku ndoa baina ya weupe na weusi, alipendekeza kwamba mzungu yeyote anayeishi kinyumba na mwanamke mweusi asiruhusiwe kushika wadhifa wa umma. Pendekezo hilo liliwatia wengi haya, nao wakaliangusha. Katiba ilipokamilika, ikiwa na masharti ya mali na kisomo kwa wapigakura, alikataa kutia sahihi.

Baadaye alikuwa mkusanyaji ushuru wa forodha bandarini Beaufort hadi 1913. Alifariki Februari 23, 1915 katika nyumba aliyozaliwa nyuma yake. Katiba ya 1895, baada ya marekebisho mengi, ndiyo inayotumika South Carolina hadi leo.