Earl Anthony

Earl Anthony (27 Aprili 1938 – 14 Agosti 2001) alikuwa mchezaji wa kulipwa wa bolingi kutoka nchini Marekani. Katika mchezo huo mpira mzito huvingirishwa kwenye njia nyembamba ili kuangusha pini 10 zilizosimamishwa mwishoni. Ndiye wa kwanza kupata zaidi ya dola 100,000 za zawadi kwa msimu mmoja (1975), na wa kwanza kufikisha jumla ya dola milioni moja (1982).

Maisha ya awali

Anthony alikulia jimbo la Washington. Baada ya kutumikia Jeshi la Anga alitaka kucheza besiboli, lakini aliumia kifundo cha mguu alipokuwa akijaribiwa na klabu ya Baltimore Orioles. Akawa dereva wa foklifti katika kampuni ya vyakula mjini Tacoma, na huko ndipo alipoanza bolingi, katika ligi ya wafanyakazi, akiwa ameshapita miaka 20. Mwaka 1963 alijaribu mashindano ya chama cha wachezaji wa kulipwa (PBA) akarudi mikono mitupu. Alifanya mazoezi kwa miaka kadhaa, akashinda taji lake la kwanza huko Seattle mwaka 1970.

Uchezaji

Njia ya bolingi hupakwa mafuta ili kuilinda. Mafuta hayo hayaonekani vizuri kwa macho, wala hayatulii: kila mpira unaopita huyapunguza mahali fulani na kuyasukuma mbele kidogo. Palipokauka mpira hupinda mapema. Penye mafuta huteleza na kuchelewa kupinda. Hivyo mchezaji anaweza kurusha vilevile alivyorusha mwanzo na bado akakosa, kwa sababu njia yenyewe imebadilika.

Nguvu ya Anthony ilikuwa kurudia mwendo uleule na kasi ileile. Kwa kuwa mkono wake ulibadilika kidogo sana, mpira ulipopotea aliweza kutambua kwamba ni mafuta yaliyohama, akasogeza mahali pa kusimama na pa kulenga.

Alitumia mkono wa kushoto, na jambo hilo lilileta ubishi. Wapinzani walidai kwamba upande wa kushoto wa njia hupitiwa na mipira michache, kwa hiyo mafuta yake hudumu zaidi. Hoja hiyo ina ukweli. Hata hivyo, walikuwepo wengine wa mkono wa kushoto, na hakuna aliyemkaribia wakati wake: mwaka 1975 pekee alishinda mataji 7.

Mwaka 1978 alipatwa na mshtuko wa moyo. Alirudi, akawa mchezaji bora wa mwaka mara tatu mfululizo (1981–1983), na kufanya jumla kuwa mara 6.

Kifo na kumbukumbu

Alifariki baada ya kuanguka kwenye ngazi huko New Berlin, Wisconsin. Rekodi yake ya mataji 41 ilivunjwa na Walter Ray Williams Jr. mwaka 2006, baadaye PBA ilimhesabia mataji 43. Mwaka 2009 aliwekwa wa kwanza katika orodha ya wachezaji 50 bora wa historia ya chama hicho.