SAYYID MAJID NA BARABARA ISIYOFIKA NYASA

Mwananchi wa Itumba aendaye Tunduma siku hizi hapati taabu aliyoipata baba yake. Barabara ya lami itokayo Mpemba hadi Isongole, mpakani mwa Malawi, imeivuta Ileje karibu na njia kuu ya nchi. Twafurahi, na wakulima wa kahawa wa milima ya Bundali wana haki ya kufurahi zaidi yetu. Walakini kila barabara mpya huja na jambo lake: watu wote wataka kiwanja kinachoitazama, wala hakuna aulizaye habari za ardhi iliyo nyuma. Kwa sababu hiyo twapenda leo kuwakumbusha wanachama na wafanyakazi maisha ya mtu aliyefariki zaidi ya miaka 150 iliyopita, ambaye alijenga mji kwanza, na barabara hakuiwahi.

Mtu huyo ni Sayyid Majid bin Said. Baba yake, Sayyid Said bin Sultan, alifariki baharini mwaka 1856 akirejea Unguja kutoka Oman, na milki yake ikagombewa na wanawe. Thuwaini alishika Maskati, Majid akashika Unguja. Mwaka 1859 ndugu yake Barghash alimwasi, akisaidiwa na dada yao Salme. Waingereza wakaingilia kati, na Barghash akapelekwa Bombay. Mwaka 1861 Waingereza hao hao waliamua kwamba Unguja na Oman ziwe nchi mbili, na Majid awe akimlipa kaka yake reale 40,000 kila mwaka. Tangu hapo alikuwa mtawala mwenye deni, mwenye afya dhaifu, na mwenye balozi wa kigeni mlangoni pake.

Haina shaka kwamba mambo hayo ndiyo yaliyomfanya atazame bara. Katika miaka ya 1865 na 1866 alianza kujenga mji kando ya kijiji cha Mzizima, penye bandari iliyofichika na isiyo na mawimbi, akauita Dar es Salaam. Alijenga jumba lake, nyumba za wageni na maghala kwa mawe ya matumbawe, akapanda minazi. Mwezi wa Septemba 1867 aliwafanyia karamu huko mabalozi wa Ulaya na Marekani. Hatumsifu. Utajiri wake ulikuwa wa karafuu na biashara ya watumwa, na mikono iliyobeba mawe yale ilikuwa ya watumwa. Lakini jicho lake la kuchagua mahali hatuwezi kulikana.

Alikosea wapi? Majumba yalitazama bandari, na nyuma yake palikuwa pori na vijia vya miguu. Misafara ya pembe iliyotoka Tabora na Ujiji haikuwa na sababu ya kuiacha njia yake ya zamani ya Bagamoyo. Wafanyabiashara hawafuati ikulu, wafuata njia. Majid alifariki mwezi wa Oktoba 1870, mji haujatimia. Barghash, aliyemrithi, hakuutaka mji wa nduguye. Kuta zikaota majani.

Na hapa ndipo habari hii inapotuhusu sisi wa pembe hii ya nchi. Mwaka 1877 bepari mmoja wa meli, William Mackinnon, pamoja na wenzake, walianza kujenga barabara kutoka Dar es Salaam, nia yao ikiwa ni kufika ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, yaani karibu na mlango wetu. Mbung'o waliwaua ng'ombe wa kukokota, na kazi ikaachwa mwaka 1881 baada ya maili zipatazo 70. Barabara ya kweli kutoka pwani hadi Tunduma ilipata lami baada ya Uhuru, na reli ya TAZARA, iliyoanza kujengwa mwaka 1970, ikafuata upande ule ule. Miaka mia moja ilipita tangu Majid afe, ndipo bandari yake ikaunganishwa sawasawa na Nyanda za Juu Kusini.

Mji wenyewe ulifufuka Wajerumani walipohamishia makao yao makuu huko kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Wao, na Waingereza baada yao, waliutenga mji kwa rangi: Uzunguni penye bustani na njia pana, Uhindini penye maduka yaliyobanana, na Kariakoo ya Waafrika, huku uwanja wa Mnazi Mmoja ukiwatenganisha. Baadaye mji ulitoka nje kwa kufuata barabara kuu kama vidole vya mkono: ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Pugu na ya Kilwa. Watu walijenga kando ya vidole hivyo, kwa kuwa ndiko basi lilikopita. Mashamba yaliyobaki kati ya kidole na kidole yakauzwa vipande vipande, pasipo njia iliyopimwa. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2022 mkoa ule ulikuwa na watu 5,383,728. Mahali pengi kati ya barabara zile gari la zimamoto halipiti, na mgonjwa hubebwa mpaka lami. Kupanua njia huko sasa ni kuvunja nyumba na kulipa fidia, na fidia ni fedha ya umma.

Tunduma imekwisha kuonja sehemu ya taabu hiyo, malori yakijipanga katika njia ile ile wanayopita watoto wa shule. Itumba bado. Mji ungali mdogo, na nyuma ya safu ya kwanza ya nyumba kuna mashamba. Twaiomba halmashauri ipime njia za nyuma na za kukata kati sasa hivi, kila moja yenye upana wa magari mawili kupishana, kabla ya kiwanja cha safu ya pili kuuzwa. Nao wenye mashamba, ndugu zetu, waitwe mkutanoni waoneshwe mahali njia itakapopita, na walipwe haki yao kabla kigingi cha kwanza hakijachomekwa.