Ira D. Sankey, Karani Aliyeimba Injili

Wazee wetu waheshimiwa na wanachama wote: kabla hamjafungua ukurasa wa hesabu, tumeona yafaa kuwasimulia habari za mtu ambaye sauti za nyimbo zake huimbwa makanisani na matangani, ingawa wengi hawalijui jina lake.

Ira David Sankey alizaliwa tarehe 28 Agosti 1840 katika Pennsylvania, nchi ya Marekani. Alipotoka vitani alipata kazi katika ofisi ya kodi ya serikali mjini New Castle. Mwaka 1870, katika mkutano wa Y.M.C.A. huko Indianapolis, mhubiri Dwight L. Moody alimsikia akiimba, akamtaka aache kazi wafuatane. Sankey alikuwa na mke na watoto, na mshahara wa serikali si kitu cha kutupwa. Alisitasita miezi mingi, kisha mwaka 1871 akakubali.

Mwaka 1874 walikuwa Uskoti. Kabla ya kupanda garimoshi kutoka Glasgow kwenda Edinburgh, Sankey alinunua gazeti la peni moja, akaona ndani yake shairi la kondoo mmoja aliyepotea katika mia. Mtunzi wake, Elizabeth Clephane, alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1869. Sankey alimsomea Moody, lakini mwenzake alikuwa ameshughulika na barua, hata hakusikia neno. Basi akalikata, akalihifadhi. Huko Edinburgh Moody alihubiri habari za Mchungaji Mwema, kisha akamwomba wimbo wa kufaa. Sankey aliweka kile kipande cha gazeti mbele ya kinanda, akaanza kuimba sauti ambayo haikuwa imetungwa bado. Alipomaliza ubeti wa kwanza, aliogopa kwamba huenda asiikumbuke katika ubeti wa pili. Lakini aliifuata mpaka mwisho, na ndiyo iimbwayo hata leo. Sisi wana wa wafugaji twaelewa upesi kwa nini watu walilia.

Lakini liko jambo jingine litupasalo sisi wa chama. Kitabu chao cha nyimbo, kilichoanza mwaka 1873 kama kijitabu chembamba, kiliuzwa mno, na watu wakanong'ona kwamba injili imekuwa biashara. Wao wawili hawakujibizana na wanong'onaji. Waliitoa fedha hiyo mikononi mwao, ikawekwa chini ya wadhamini, ikajenga kanisa la Chicago na kusaidia shule za Northfield.

Katika miaka yake ya mwisho Sankey alipofuka macho, akafariki Brooklyn tarehe 13 Agosti 1908.

Basi, wapendwa, mweka hazina mwaminifu hangoji kushukiwa ndipo aonyeshe vitabu. Kwa moyo huo twawakabidhi hesabu zifuatazo, tukiwaomba mzikague bila kuona haya.